Ndege Ndogo, Usiku na Mvua: Nini Hasa Huiangusha?

Siku ile ndege ya Diani ilipoanguka Kwale, Oktoba 28, 2025, barazani kwetu Magongo, Mombasa, kahawa ilipoa vikombeni. Ilikuwa ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, imebeba watalii kuelekea Maasai Mara, na watu wote 11 waliokuwamo walikufa. Kabla ya adhuhuri kila mtu alikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa moja: hali mbaya ya hewa. "Mvua ndiyo iliyoiangusha," akasema mzee mmoja. Wengine wakatikisa vichwa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kuieleza ajali ile ni kazi ya wachunguzi, nami nawaachia. Lakini lile neno, "hali mbaya ya hewa," limenikaa moyoni tangu siku hiyo. Sisi wa Magongo, Chaani na Port Reitz tunaishi chini ya ndege. Usiku wa masika, mvua ikipiga mabati hadi huisikii redio iliyo mezani, bado tunazisikia zikipita juu ya nyumba kuingia Uwanja wa Ndege wa Moi, na zinatua. Mvua ni ileile na giza ni lilelile. Basi anayetaka kujua kwa nini ndege imeanguka asiishie kwenye mvua. Aulize siku hiyo kulikuwa na nini kati ya mvua na ndege: rubani wa namna gani, vifaa gani, saa ngapi, ameamkia wapi, na nani alikuwa akimsubiri afike.

Nitaanza na mwili wa rubani, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu hatujui kinachotokea.

Kinyozi wangu ana kile kiti cha kuzunguka. Jumamosi moja, duka likiwa tupu, nilimwomba mpwa wangu wa miaka kumi na mbili akikalie, afumbe macho, kisha atuonyeshe kwa kidole upande anaozungushwa. Kinyozi akaanza kumzungusha polepole kuelekea kulia, kwa mwendo mmoja usiobadilika. Mwanzoni kidole kilielekea kulia bila kusita. Baada ya muda kikaanza kulegea, halafu kikasimama wima. "Kimesimama," akasema mtoto. Kiti kilikuwa bado kinazunguka. Kinyozi akakishika kikatulia tuli, na papo hapo kidole kikaruka kushoto: "Sasa mwanirudisha!" Alipofumbua macho alijikuta anakitazama kioo, kiti kimetulia, mkono wa kinyozi uko begani mwake. Alitutazama kana kwamba tumemfanyia mazingaombwe.

Hakuna mazingaombwe. Ndani ya sikio, nyuma ya ngoma, mna mirija mitatu myembamba iliyopinda nusu duara na kujaa majimaji. Kichwa kikigeuka, mirija hugeuka nacho lakini majimaji hubaki nyuma, kama chai inavyobaki nyuma ukizungusha kikombe. Vinyweleo vilivyomo humo hupinda, na ubongo hupokea habari kwamba tunageuka. Lakini mzunguko ukiendelea kwa mwendo mmoja, baada ya sekunde 10 hadi 20 hivi majimaji huufikia mwendo wa mirija. Vinyweleo husimama, na ubongo huambiwa: umetulia. Mzunguko ukikoma, majimaji huendelea na safari yake, na ubongo huambiwa unazungushwa upande wa pili. Sikio halina ugonjwa wowote. Ndivyo lilivyoumbwa, na kwa mtu atembeaye kwa miguu linatosha.

Mchana wa jua macho humsahihisha rubani bila yeye kujua. Anauona ule mstari ambapo mbingu hukutana na bahari, na akili yake hupuuza porojo za sikio. Ingiza ndege ndani ya wingu usiku, na mstari ule umekwenda. Bawa la kulia likiinama polepole, rubani hasikii lolote. Kwa mwili wake amekaa wima kama aketiye sebuleni. Hatimaye akizitazama ala zake, yaani vipimo vilivyo mbele ya kiti, zinamwambia amelala upande. Akiinyoosha ndege, sikio linampigia kelele kwamba sasa ndiyo anapinduka, kushoto, na mikono yake inatamani kuirudisha ndege kulekule kwenye hatari, kwa kuwa huko ndiko mwili wake unakoona kuna amani.

Kisha jambo la pili hujiunga na la kwanza. Ndege iliyolala upande hupoteza nguvu ya kujibeba, pua huanza kushuka na mwendo kuongezeka. Rubani anasikia upepo ukivuma kwa nguvu zaidi, anaona kipimo cha mwinuko kinateremka, naye anafanya lile ambalo yeyote angelifanya: anavuta usukani ili apande. Kwa kuwa ndege imelala ubavu, kuvuta hakuipandishi. Kunaukaza tu ule mzunguko. Marubani wameupa mzunguko huo jina la makaburi.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua marubani 20 wasiokuwa na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea ala, wakawaziba wasione nje angani, kana kwamba wameingia winguni. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege. Kwa wastani iliwachukua sekunde 178. Hizo hazifiki dakika tatu, na aliyeshindwa mapema kuliko wote hakufikisha hata nusu dakika.

Mafunzo ya ala, basi, si mafunzo ya kusoma saa zilizo mbele ya kiti tu. Ni mafunzo ya kuukana mwili wako. Rubani anafundishwa, kwa saa nyingi na mara nyingi, kuliamini lile duara dogo lenye rangi ya buluu juu na kahawia chini linaloonyesha mbingu na ardhi, hata pale kila mshipa wake unapoapa kwamba linasema uongo. Na mafunzo hayo huchakaa. Rubani asiyeingia winguni kwa miezi huanza tena, kidogo kidogo, kuusikiliza mwili.

Wala si marubani wa ndege ndogo pekee. Wakenya tuna kumbukumbu inayouma. Usiku wa Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways, safari nambari 507, iliondoka Douala, Cameroon, kuja Nairobi. Ilikuwa Boeing 737-800, na watu 114 walikuwamo. Dhoruba ilikuwa imewachelewesha karibu saa nzima, wakaondoka baada ya saa sita usiku. Ripoti ya wachunguzi inaeleza jambo dogo la kutisha. Rubani alitamka kwamba mtambo wa kuiendesha ndege wenyewe uwashwe, lakini mtambo haukuwaka, na mwenzake hakulithibitisha neno lile. Ndege ikaanza kuinamia kulia taratibu, taratibu, katika giza lisilo na mstari wowote wa upeo, na hakuna mkono uliokuwa ukiishika. Tahadhari ya kuinama ilipolia, rubani alishtuka, akaupeleka usukani kulekule kulia. Chini ya dakika mbili tangu kupaa, ndege ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyenusurika.

Iliangukia kwenye mikoko, kilomita 5 na kitu tu kutoka mwisho wa njia ya kurukia, na ilichukua zaidi ya saa 40 kuipata. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilitoka nje nikatazama chini upande wa hori ya Port Reitz. Sisi nasi tuna mikoko karibu na uwanja. Ukisimama humo usiku wa mvua hujui hata mbu anatokea wapi.

Hiyo ni hatari ya kupaa na ya kuwa angani. Kutua kuna hatari yake, na hapa ipo ajali moja ya ndege ndogo ya abiria ambayo kila msomaji wa habari za dunia wa enzi hizo aliisikia, ingawa wengi walimkumbuka mtoto wakaisahau ndege.

Mtoto huyo ni Samantha Smith wa jimbo la Maine, Marekani. Mwaka 1982, akiwa na miaka 10, alimwandikia barua kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, Yuri Andropov, akimwuliza kama ataanzisha vita au la. Andropov alimjibu, na Julai 1983 Samantha na wazazi wake wakaalikwa kuitembelea nchi ile. Miaka miwili baadaye, usiku wa Agosti 25, 1985, alikuwa akirudi nyumbani na baba yake kwa ndege ya shirika dogo la Bar Harbor, safari nambari 1808 kutoka Boston, aina ya Beechcraft 99. Mvua ilikuwa ikinyesha. Kitu kama saa nne usiku, ikijaribu kutua kwenye kiwanja cha Auburn-Lewiston, ndege iligonga miti na ardhi zaidi ya kilomita moja kabla ya kuifikia njia. Watu wote 8 waliokuwamo walikufa. Samantha alikuwa na miaka 13.

Kwa kuwa aliyekufa alikuwa yeye, na dunia ilikuwa vile ilivyokuwa, uvumi ulizuka wa hujuma. Naelewa moyo unaotafuta adui, kwani msiba mkubwa huonekana kudai sababu kubwa. Wachunguzi hawakukuta adui. Walichokikuta ni cha kawaida, na kwangu mimi hilo ndilo linalohuzunisha zaidi. Mwongozaji aliyekuwa akiitazama ndege kwenye rada aliielekeza kuingia kwenye mstari wa kutua kwa pembe kali kupita kawaida. Rubani akaukubali mwelekeo huo. Kuanzia hapo hakuwahi kutulia: alikuwa akiisaka njia kushoto na kulia huku anashuka, akapita chini ya mteremko uliowekwa, na hakuacha.

Neno la maana hapo ni "hakuacha." Fikiria gari linaloteremka kuingia feri Likoni. Dereva anayekuja kwa mwendo wa polepole, amenyooka tangu juu, ana nafasi ya kutazama watu, kuona ishara, kupanga magurudumu. Anayekuja mbiombio na upande, akijinyoosha dakika ya mwisho, huenda akaingia salama leo na kesho. Mashirika yanayojiheshimu yameweka sheria kali kwa sababu hiyo: ndege ikifika mwinuko fulani kabla ya kutua, tuseme futi 1,000 ikiwa winguni, na haijatulia katika mstari wake, mwendo wake na mteremko wake, rubani hana ruhusa ya kujadiliana na nafsi yake. Anaongeza nguvu za injini, anarudi juu, anaanza upya. Abiria huogopa sana injini zinapounguruma ghafla karibu na ardhi. Mimi siku hizi nikizisikia natulia, kwa kuwa najua huko mbele kuna mtu aliyeacha.

Usiku huongeza mtego mwingine katika kutua. Miaka ya 1960 mtafiti wa Boeing, Conrad Kraft, aliwaweka marubani wazoefu kwenye chumba cha kuigiza safari, akawapa kazi ya kuukaribia mji wenye taa kupitia eneo la giza tupu, kwa macho tu. Wengi walishuka chini mno, na waliamini wako juu ya kutosha. Jicho linahitaji vitu vya katikati ili lipime umbali na urefu: paa, mti, gari barabarani. Panapokosekana vitu hivyo, taa za mbali huonekana kama ziko chini sana, na mkono huiteremsha ndege. Mtu wa Mombasa anaweza kulipiga picha hili bila shida. Ndege inayoingia Uwanja wa Moi kutokea kusini-magharibi huvuka maji na mikoko ya upande wa Dongo Kundu, kisha taa za uwanja zinatokea mbele. Kwenye uwanja mkubwa kama ule kuna mawimbi ya redio yanayomchorea rubani mteremko, na kando ya njia kuna taa zinazobadilika kuwa nyekundu zote akiwa chini mno. Kwa mtambo wa kawaida wa aina hiyo rubani hushuka hadi futi 200 juu ya ardhi. Asipoziona taa hapo, anarudi juu. Kiwanja kidogo cha majani au murami hakina lolote kati ya hayo, na ndiyo sababu vingi vya viwanja vyetu vya utalii hufungwa jua likitua.

Na huku kwetu karibu na ikweta jua halina subira. Huko Ulaya jioni hujikokota. Hapa ukimaliza swala ya magharibi giza limeshaingia. Rubani anayetoka Mara akiwa amechelewa nusu saa kwa sababu ya mgeni aliyerudi kutafuta kamera yake hana nusu saa nyingine ya kukopa upande wa pili.

Turudi kwenye ndege yenyewe, maana udogo wake una maana. Ndege kubwa ya kwenda Dubai huipita mvua yetu kwa juu, futi 35,000, na hukutana nayo dakika chache tu za kupaa na kushuka. Caravan na wenzake hazina hewa iliyoshindiliwa ndani, kwa hiyo hukaa chini, mara nyingi futi 10,000 au zaidi kidogo, katikati ya yale mawingu yenyewe. Ina injini moja. Mara nyingine ina rubani mmoja, anayeshika usukani, anayeongea na mnara, anayesoma ramani na anayewaza juu ya hali ya hewa, vyote peke yake. Huko chini pia kuna milima.

Juni 5, 2018, jioni, Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilipiga mlima katika safu ya Aberdare ikiwa winguni. Watu 10 walikufa, na mabaki yalipatikana Juni 7. Ndege ilikuwa nzima, injini inafanya kazi, marubani wawili wameshika usukani. Walikuwa wakiruka chini ya mwinuko uliowekwa kwa eneo lile. Na kifaa cha kutahadharisha kuhusu milima kililia. Ripoti inasema wafanyakazi wa ndege hawakuchukua hatua ya haraka ya kujiokoa baada ya tahadhari ile.

Kifaa hicho kina historia ya heshima. Mhandisi Don Bateman ndiye aliyeanza kukitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha miaka ya 1990 kikapewa ramani ya dunia nzima ndani yake, kiweze kusema "mlima mbele" kabla haujaonekana. Kimeokoa watu wengi kuliko pengine kifaa kingine chochote cha ndege. Lakini kina udhaifu wa kengele yoyote. Rubani azoeaye kuruka karibu na milima siku zenye jua huisikia ikilia mara nyingi pasipo na hatari, anauona mlima kwa macho yake, anaipuuza. Masikio huzoea. Siku ya wingu kengele ileile inalia kwa sauti ileile.

Nimeacha uchovu hadi hapa ingawa ningeweza kuanza nao. Februari 12, 2009, saa 4:17 usiku, ndege ya Colgan Air nambari 3407, yenye rafadha mbili, ilianguka juu ya nyumba karibu na Buffalo, Marekani. Watu 49 waliokuwamo walikufa, na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Kulikuwa na theluji na barafu ilikuwa ikiganda kwenye mabawa, nao marubani waliizungumza barafu hiyo. Asubuhi yake dunia nzima ilisema ni barafu.

Haikuwa barafu. Ndege ilikuwa imepunguza mwendo kuliko inavyotakiwa bila wote wawili kutambua. Mfumo wa tahadhari ukautikisa usukani, kama unavyotakiwa kufanya. Hapo ndege ilikuwa bado inaweza kuruka. Rubani, badala ya kuishusha pua ili apate mwendo, aliivuta juu. Ukitaka kujua kwa nini hilo huua, toa kiganja nje ya dirisha la matatu ikiwa mbio (angalia pikipiki kwanza). Kikilala kidogo kwa kuinua upande wa mbele, upepo unakibeba. Ukizidi kukiinua, kinaacha kubebwa, kinasukumwa nyuma tu. Bawa nalo ni hivyo hivyo: likiinuliwa kupita kiasi hewa hulikimbia, na ndege huwa jiwe.

Kwa nini mtu aliyesomea afanye kinyume? Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilikwenda mbali zaidi ya chumba cha marubani. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, upande mwingine wa nchi, ili afike kazini, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Rubani mkuu alikuwa amelala kwenye chumba cha mapumziko cha uwanjani. Walipokuwa wakishuka walipiga soga wakati sheria inataka kimya. Familia za waliokufa hazikukubali jibu la barafu. Zilikwenda Washington tena na tena, hadi mwaka 2010 Bunge likapitisha sheria: rubani msaidizi wa ndege za abiria sasa anahitaji kwa kawaida saa 1,500 angani pale ambapo zamani 250 zilitosha, na kanuni za mapumziko zikaandikwa upya. Wangalikubali "hali mbaya ya hewa," hakuna neno moja la hayo ambalo lingeandikwa.

Ndiyo maana uchunguzi huchukua muda, na tusiwakasirikie wachunguzi upesi. Kwa kanuni za kimataifa, ripoti ya awali hutolewa ndani ya siku 30, na ya mwisho, ikiwezekana, ndani ya miezi 12. Kusudi lake kisheria ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kufungwa. Na ndege ndogo zina ugumu wa ziada: chini ya uzito wa kilo 5,700 nyingi hazilazimiki kubeba kile kinachoitwa kisanduku cheusi, ambacho kwa kweli ni cha rangi ya machungwa. Bila sauti za marubani na bila kumbukumbu za mwendo, wachunguzi wanabaki na vyuma vilivyopinda, karatasi za matengenezo, mazungumzo ya mnara, na mashahidi waliosikia kishindo. Vifaa vidogo vya kurekodi, vyepesi kwa ndege hizi, vipo sokoni. Ningependa kuona siku vinalazimishwa kwa kila ndege inayouza tiketi kwa umma hapa Afrika Mashariki, hata kama tiketi itapanda bei kidogo.

Upande wa abiria nina jambo moja tu, nalo nililijifunza nikiwa upande usiofaa.

Ilikuwa msimu wa masika, kiwanja cha Manda, tunatoka Lamu kurudi Mombasa. Ndege ndogo, abiria tisa. Saa kumi na mbili kasoro jioni kijana rubani alitoka ofisini akatuambia hatuondoki. Juu yetu palikuwa na rasharasha na kipande cha anga ya buluu. Kila mtu alikuja juu. Mwanamume mmoja alikuwa na mkutano asubuhi. Mimi nilikuwa na mgonjwa hospitalini, nikamwambia rubani maneno ambayo leo sitayarudia.

"Kapteni, hii si mvua, ni manyunyu tu," akasema yule bwana.

"Hapa ni manyunyu, mzee," rubani akajibu, kwa adabu, bila kuinua sauti. "Mombasa imefunga. Nikifika Malindi jua limeshatua, na nyuma nako mawingu yanaziba. Nitawarudisha wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mama mmoja mtu mzima, leso kichwani, aliyekuwa kimya muda wote, alisimama akachukua kikapu chake. "Mwanangu," akamwambia, "kesho saa ngapi?"

"Kukipambazuka, Mama, inshallah."

Tukashuka gatini, tukapanda mashua kurudi Lamu mjini, na kabla hatujafika ng'ambo mvua ilitunyeshea hivi kwamba nahodha alizima mashine akangoja hadi aione taa ya gati. Yule mama aliketi mbele yangu, kikapu mapajani, amekifunika kwa ncha ya leso.

Asubuhi yake tuliondoka saa moja. Tulipopita usawa wa Kilifi mawingu ya jana yalikuwa bado yamelala baharini, meupe juu, meusi chini, marefu kuliko tulikokuwa. Rubani aliyazungukia kwa mbali upande wa bara. Mama aliyatazama dirishani, mkono wake juu ya kikapu, hadi tulipoanza kushuka.